Kichanja kimoja Igombe: kisa cha dagaa, mchanga na mteja aliyekuwa mbali

Binti ana miaka 24, akiba ya shilingi 400,000, na andiko la biashara lenye majedwali ya mapato ya miaka mitatu ijayo. Amemaliza shahada ya biashara jijini Mwanza, amehamia kwa shangazi yake Igombe, na kila asubuhi anashuhudia jambo lilelile: dagaa wabichi wanamwagwa juu ya mchanga, mbuzi wanapita katikati, wingu likitanda watu wanakimbizana na maturubai, na jioni dagaa wanafagiwa pamoja na mchanga na kutiwa kwenye magunia. Andiko linasema atajenga vichanja 20, yaani meza za miti na nyavu za kuanikia dagaa juu ya ardhi, atawakodishia akina mama waanikaji kwa siku, na mtaji wote utakuwa umerudi ndani ya mwaka. Kikundi chake cha vijana watano kimeshajaza fomu za mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kilichobaki ni kuzipeleka.

Kisa hiki nimekiandaa kwa ajili ya kufundishia. Binti ni wa kubuni, pamoja na wote anaokutana nao, na shilingi zinazotajwa ni za mfano, maana bei ya dagaa haitulii hata wiki. Mwalo, yaani ufukwe ambako mitumbwi hushusha samaki, kazi na tabia za soko ni zile zinazojulikana kandokando ya Ziwa Victoria. Nimelichagua andiko hili kwa sababu ni zuri. Lina kila kitu tunachowafundisha vijana kuweka: soko, washindani, makadirio, hata hatari zinazoweza kutokea. Asiyekuwemo ni mama hata mmoja anayeanika.

Mwalo unavyoendeshwa

Igombe iko wilaya ya Ilemela, ukishaupita uwanja wa ndege wa Mwanza. Ziwa lililo mbele yake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, nusu yake na kidogo ikiwa upande wa Tanzania, na katika samaki wote wanaovuliwa humo leo dagaa ndiye anayeongoza kwa uzito. Wakenya humwita omena, Waganda mukene. Huvuliwa usiku wa giza: mtumbwi hubeba taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi taa za sola na betri, dagaa hufuata mwanga, nyavu huwazingira. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kalenda ya mwalo ni mwezi ulio angani, na biashara yoyote inayodai malipo ya kila siku inapaswa kujua kwamba kuna siku ambazo hakuna kitu mwaloni zaidi ya watu wanaoshona nyavu.

Alfajiri mitumbwi inapofika, akina mama hununua kwa ndoo. Mwenye pesa hulipa papo hapo. Asiye nayo huchukua kwa ahadi, na tajiri, ndivyo anavyoitwa mwenye mtumbwi, nyavu na injini hata akiwa na madeni yake mwenyewe, husubiri mpaka dagaa wakauke na wauzwe. Dagaa mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Akikosa jua siku ya kwanza anaanza kubadilika rangi, siku ya pili ananuka. Akikauka vizuri hufungwa kwenye viroba na magunia na kupelekwa Mwaloni Kirumba, soko ambako malori hupakia kwenda mikoani na nje ya nchi, hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Wale waliojaa mchanga au walioharibika rangi huishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chini.

Binti aliyajua haya yote, yamo kwenye ukurasa wa tatu wa andiko. Akajumlisha hivi: mchanga unashusha bei, kichanja kinaondoa mchanga, basi mwanikaji atalipia kichanja. Kila hatua ya hoja hiyo ina akili. Mashaka yapo kwenye neno "basi".

Dodoso na adabu

Alianza kwa kuuliza. Aliandaa dodoso, akazunguka mwalo mzima, akaonyesha picha ya kichanja kwenye simu na kuuliza kama mama angependa kukitumia, na kama angelipa shilingi 1,000 kwa siku. Majibu yalimfurahisha mno. "Kizuri sana mwanangu, utuletee." "Mungu akubariki, sisi tunateseka hapa." Karibu kila mmoja alisema ndiyo kwa maswali yote mawili.

Shangazi yake alizisoma zile karatasi usiku, kwa mwanga wa taa ya sola, akazirudisha bila haraka.

"Hapa mgeni hakataliwi," alimwambia. "Umewauliza wanataka kichanja, wao wamesikia unauliza kama wanakupenda. Wamekujibu. Sasa karatasi ziache nyumbani, kesho uje tuanike."

Hapa ndipo vijana wengi ninaowafundisha hupotelea, na nawaelewa, kwa sababu dodoso lina sura ya utafiti. Lakini katika jamii yetu mtu akija kwako kwa heshima, akakusalimia vizuri, akakuonyesha kitu alichokihangaikia, huwezi kumvunja moyo mbele ya watu. Utasifu. Hiyo ni adabu, na adabu ni kitu chema; haifai kuhesabiwa kama mauzo. Anayetaka kumjua mtu mwaloni aangalie anafanya nini na pesa yake na mwili wake kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, na maswali ayaweke kwenye kile kilichotokea juzi na jana: ulinunua ndoo ngapi, ulimuuzia nani, ilipata kiasi gani, mvua ilipokukuta ulifanya nini.

Kuinama na kufagia

Kwa hiyo aliinama. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa wa kwanza kufika, naye akamwitikia na kumkabidhi ndoo bila maneno mengi. Walimwaga dagaa, wakawatandaza kwa mikono, wakawageuza jua lilipopanda, wakawageuza tena. Siku ya kwanza alichokumbuka ni maumivu ya kiuno. Siku zilizofuata alianza kuona mambo ambayo dodoso halikuwa na nafasi ya kuyaandika.

Aliona kwamba mchanga wa adhuhuri huunguza nyayo, na joto hilo hilo huwakausha dagaa kwa chini wakati jua linawakausha kwa juu. Siku ya jua kali ndoo iliyomwagwa asubuhi hufagiwa jioni ileile, deni la tajiri linalipwa, na mama analala bila mzigo. Mchanga ni bure, ni mpana, hauibiwi usiku, na hauna haja ya fundi. Kumwambia mtu aache kitu hicho na akilipie kingine kunahitaji sababu nzito kuliko usafi.

Aliona pia jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: mchanga kidogo unajaza ujazo na kuongeza uzito. Anayepepeta sana anapeleka sokoni kiroba kilichopungua. Simlaumu mtu yeyote kwa hili. Mnunuzi anayedai lumbesa kwenye gunia, akataka lifurike mpaka lishonwe kwa kamba, hana haki ya kushangaa muuzaji naye akiacha mchanga ukae pale ulipo. Kila upande unajilinda kwa njia uliyo nayo.

Na aliona mgongo. Yule mama mtu mzima, kila baada ya kugeuza mstari mmoja, alisimama, akaweka mikono kiunoni, akatazama ziwa kwa muda kabla ya kuinama tena. Mabinti hawakufanya hivyo. Binti alipomuuliza kama mchanga unamsumbua, mama alicheka. Alipomuuliza kuhusu mgongo, alieleza kwa muda mrefu sana: dawa alizotumia, mjukuu anayemkanda usiku, siku ambazo ameshindwa kuja mwaloni wakati dagaa walikuwa wengi na bei nzuri.

Kwenye andiko neno "mgongo" halimo. Kuanzia siku hiyo likawa neno la kwanza kwenye daftari lake. Ninachokithamini zaidi katika kisa hiki ni pale ambapo binti alikubali kwamba mwenzake ana shida yake mwenyewe, tofauti na ile aliyokuwa amemwandikia.

Hasara inayovumilika

Sasa alikuwa na dhana mbili zinazoshindana. Ya kwanza, ya andiko: dagaa safi watapata bei ya juu. Ya pili, ya mwaloni: kichanja kinapunguza kuinama. Angeweza kuzijadili mwaka mzima na kikundi chake. Aliamua kujenga kichanja kimoja.

Katika miaka ya 1990, Saras Sarasvathy, mtafiti mzaliwa wa India aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliwapa wajasiriamali wazoefu 27 tatizo la biashara ya kubuni, akawaomba wafikiri kwa sauti huku wakilitatua. Walio wengi hawakuanzia kwenye utabiri wa soko. Walianzia kwenye kile walicho nacho mkononi: wao ni nani, wanajua nini, wanamfahamu nani. Na walipofika kwenye pesa walijiuliza wako tayari kupoteza kiasi gani, kabla ya kujiuliza watavuna kiasi gani. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba swali hilo la pili bibi zetu wamelitumia siku zote wanapotenga mbegu ya kujaribu kwenye kona ya shamba. Tofauti ni kwamba mtafiti yule amelichunguza kwa utaratibu, na sisi tukaacha kulifundisha.

Binti alitenga shilingi 60,000, pesa ambayo hata ikipotea yote haitamfanya akimbilie mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno. Miti aliipata kwa jirani, misumari alinunua, nyavu chakavu za dagaa alipewa bure na kijana mshona nyavu. Kabla hajachimba shimo la kwanza alikwenda kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia rasilimali za uvuvi pale mwaloni, akaomba eneo. Walimpa sehemu ya pembeni. Inaonekana jambo dogo, lakini ufukwe una wenyewe hata pale usipokuwa na uzio, na kichanja kilichosimikwa bila ruhusa hung'olewa kabla ya jua kuchwa.

Kichanja cha kwanza kilikuwa kibaya. Fundi alikuwa mrefu, akakipima kwa kifua chake, na akakifanya kipana kiasi kwamba dagaa wa katikati hawakufikika kutoka upande wowote. Yule mama alisimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono, akaacha. Hakusema kitu kibaya. Binti aliona mkono ulipoishia, akaweka alama ya chaki hapo, na siku iliyofuata wakakata nguzo na kupunguza upana. Urefu mpya ukawa kiunoni kwa mama, na upana ukawa mara mbili ya mkono wake. Lau angejenga 20 kwa mkopo, angekuwa na 20 za kukata.

Jaribio lenye bima

Jaribio la bei alilipanga kwa uangalifu ambao ningependa kila mwanafunzi auige. Ndoo mbili kutoka mtumbwi mmoja, alfajiri moja. Ndoo moja mchangani, moja kwenye kichanja. Wote wanauzwa Kirumba kwa dalali yuleyule, siku ileile. Kilichobadilika ni kimoja tu, kwa hiyo tofauti ya bei ikitokea itajulikana imetoka wapi. Na kabla ya kuanza aliandika kwenye simu yake: kama kiroba cha kichanja hakitazidi kile cha mchanga kwa walau shilingi 3,000, wazo la kukodisha vichanja kwa siku litakuwa limeshindwa. Kuandika mapema kuna kazi kubwa. Mtu akishaona matokeo, moyo hutafuta namna ya kuyapendezesha.

Kuna kitu kingine alikifanya ambacho mafunzo mengi ya ujasiriamali hayakitaji. Alimwahidi mama, mbele ya shangazi, kwamba hasara yoyote itakayotokana na kichanja ataibeba yeye. Ndoo ile ilikuwa chakula cha nyumba ya mtu, na sehemu yake ilikuwa deni la tajiri. Anayejifunza kwa kutumia mtaji wa maskini bila kumkinga anamhamishia karo yake ya shule, na hilo kwangu ni kosa la kimaadili, hata kama jaribio lenyewe limepangwa kitaalamu.

Bei ikawa moja. Tena mbaya zaidi: kwa kuwa hakikuwa na mchanga, kiroba cha kichanja kilipungua, na mama alipata pesa kidogo kuliko ya kile cha mchangani. Binti alilipa tofauti palepale.

Dalali hakuwa mkorofi. Alizamisha mkono kwenye kiroba, akawatoa dagaa, akawasifu. "Hawa wazuri sana dada yangu. Lakini gunia moja safi nitampa nani? Mimi najaza lori. Nikichanganya na ya wengine usafi wako umepotea. Niletee lori zima, tutaongea."

Mtu mwenye haraka angeandika: soko halithamini usafi. Dalali alisema kitu tofauti. Alisema kwamba katika hatua yake ya safari ya dagaa, usafi wa kiroba kimoja hauwezi kuonekana, kwa hiyo hauwezi kulipiwa. Swali likageuka. Badala ya kujiuliza kama dagaa safi wana thamani, binti alianza kujiuliza mchanga unamuuma nani, na wapi.

Mahali mchanga unapouma

Jaribio la pili lilikuwa la nyumbani. Alifunga dagaa wa kichanja kwenye pakiti ndogo zilizozibwa vizuri na kuziweka kwenye genge la rafiki yake Mabatini. Vifungashio alivinunua vile vinavyoruhusiwa, maana tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Aliketi pembeni ya genge akitazama. Wateja waliichukua pakiti, wakaitikisa, wakaigeuza, wakatafuta mahali pa kuifungua, wakairudisha. Mama wa Mwanza hununua dagaa kwa pua na vidole. Anataka kuvunja mmoja asikie kama amekauka. Pakiti iliyozibwa ilimnyima njia yake ya kuthibitisha usafi, na maneno "dagaa safi" yaliyoandikwa juu hayakuziba pengo hilo. Akaifungua moja na kuiacha kwenye sahani kama kionjo. Mauzo yakapanda kidogo. Hata hivyo wengi walilinganisha na kopo la dagaa wa kawaida, wakaona kwa bei hiyo wanapata wachache, wakaenda zao. Nyumbani mchanga unasumbua, ila maji ya kuoshea yapo na watoto wa kuchambua wapo. Ni kero waliyoizoea.

Jaribio hilo lingeishia hapo, isipokuwa mteja mmoja alinunua pakiti zote zilizobaki, na baada ya siku chache akarudi kuuliza kama kuna nyingine. Binti angeweza kufurahia tu. Alimfuata na kumuuliza anazifanyia nini.

Mteja huyo hutengeneza unga wa lishe Buhongwa: mahindi, soya, karanga, na dagaa kwa ajili ya protini na madini, unga ambao mama wa mtoto wa miezi kadhaa huupikia uji. Alimchukua binti hadi nyuma ya nyumba. Mabinti wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na ungo, wakipepeta na kuchambua. Dagaa waliochambuliwa huoshwa, kisha huanikwa upya, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye mashine ya kusaga hautoki tena. Unakuwa unga pamoja na unga. Mama akionja uji ukamkwaruza ulimini, harudi, na wenzake kliniki watasikia. Kwa hiyo kila gunia analonunua Kirumba anapoteza sehemu yake ambayo ni mchanga, anawalipa wapepetaji, na anapoteza siku nzima ya jua kwa kuanika mara ya pili.

Hapa ndipo mchanga una bei. Binti hakufika kwa bahati tu: alikuwa amekaa akitazama, akaona tabia isiyofanana na nyingine, akaifuata mpaka nyuma ya nyumba. Kutazama kwa makini kulimpeleka kwa mtu ambaye jaribio halikuwa limemlenga kabisa.

Alijizuia kumuuliza, "Ungependa kununua kwangu?" Alishajua jibu la swali hilo lina thamani gani. Alisema: "Naweza kukuletea ndoo tano za dagaa wakavu wasio na mchanga wiki ijayo, kwa bei ya Kirumba ukiongeza kiasi hiki. Nusu unilipe leo." Mama wa unga alipiga hesabu ya wapepetaji kwa vidole, akashusha bei kidogo, akaingia ndani na kutoka na pesa. Zile dodoso zote hazikuwa na ushahidi unaofikia noti hizo.

Mpango uliogeuka

Ndoo tano kavu ni dagaa wabichi wengi, kwa hiyo ilibidi kurudi kwa waanikaji, safari hii akiwa mnunuzi. Vichanja viwili vilivyoongezwa vilichukuliwa na akina mama wale wenye migongo mibovu, bila mtu kuwashawishi. Hakuna aliyekubali kukodi. Shilingi 1,000 kwa siku, waliyoiitikia kwenye dodoso, haikutoka mfukoni mwa hata mmoja. Walichotaka ni viwili: ongezeko dogo la bei kwa ndoo safi, na malipo siku ileile, kwa sababu tajiri anadai jioni. Hilo la pili walilisisitiza kuliko la kwanza.

Biashara basi si ya kukodisha tena. Binti hawakodishii vichanja. Anawaachia, na ananunua dagaa wao. Miti na nyavu ni gharama ndogo. Pesa kubwa inahitajika kwa ajili ya kulipa akina mama leo na kulipwa na mama wa unga baada ya siku kadhaa, yaani mtaji wa mzunguko, kifungu ambacho kwenye andiko la kwanza kilikuwa mstari mmoja mdogo chini ya jedwali. Fomu za mkopo zilizojazwa kwa ajili ya vichanja 20 zinaombea kitu ambacho hakihitajiki.

Nina wasiwasi na mambo matatu, na sitaki sifa ninazompa binti ziyafunike. Anategemea mnunuzi mmoja. Watengenezaji wengine wa unga wa lishe mjini hajawafikia, ingawa wengi huonana SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, wanapofuatilia alama ya TBS, shirika la viwango, na hapo ndipo pa kuanzia. Pili, milango mingi ilifunguka kwa jina la shangazi. Kijana asiye na ndugu mwaloni angehitaji muda mrefu zaidi, na ni afadhali kumwambia hivyo mapema kuliko kumpa kisa hiki kama ramani. Tatu, na hili ndilo linaloamua, kila kitu alichojaribu kimefanyika katika majuma ya jua.

Masika ni Machi hadi Mei. Kwenye mvua kichanja kinapaswa kushinda mchanga kwa mbali, kwa kuwa dagaa hawalali kwenye maji na turubai linaweza kutandikwa juu yao kwa mteremko huku upepo ukipita chini. Kinapaswa, hajaona. Inawezekana pia dagaa waliofunikwa siku mbili wakavunda polepole badala ya kukauka, na mama wa unga akapokea ndoo zenye harufu. Mteja aliyekupa imani yake kwa noti hutampata mara ya pili kwa maelezo. Jaribio lake lijalo ameshaliandika: ndoo mbili, siku ya mvua, turubai la mteremko, na jioni ya pili yule mama mtu mzima ndiye atakayenusa na kuamua, kwa sababu pua yake ndiyo anayoiamini kuliko zote mwaloni. Hasara, kama kawaida, ni ya binti.

Tatizo ni tarehe. Dirisha la maombi ya mkopo linafungwa kabla masika hayajaisha, na wenzake wanne kwenye kikundi wanataka fomu zipelekwe kama zilivyo, wapate pesa kwanza, matumizi yajipange baadaye. Wana hoja: nafasi ikipita haijulikani itarudi lini. Msimamo wangu ni kwamba fomu za vichanja 20 zichanwe. Waombe kiasi kidogo cha mtaji wa mzunguko, kinacholingana na ndoo ambazo zimeshalipiwa, na kwenye ukurasa wa hatari waandike waziwazi kwamba biashara haijapimwa kwenye mvua na kwamba matokeo ya jaribio watayawasilisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mwisho wa Mei. Wanafunzi wangu hugawanyika kwenye hili kila mara, na wale wanaotaka kupeleka fomu za zamani kwa kawaida huwa na sababu nzuri kuliko ninavyotegemea. Nawaomba wanionyeshe kwanza marejesho ya mwezi wa kwanza yatatoka kwenye ndoo ya nani.